Kitabu cha Nyuma ya Kaunta

Kitabu cha sheria ya ardhi kilikuwa kimoja tu chuo kizima, nacho kilisomewa mle mle maktabani. Kilikaa nyuma ya kaunta, alikofanya kazi Sikudhani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wiki nzima alikuwa akiwakabidhi wenzake kitabu hicho. Mtihani wa somo hilo ulikuwa mchana ule, mara tu baada ya zamu yake.

Asubuhi hiyo kitabu kilirudi kikiwa bado na joto la mikono ya watu. Hakukuwa na foleni. Sikudhani akakifungua.

"Mwanangu," alisema Bi Zamda, mkuu wa maktaba, bila ukali. "Aliye zamu hasomi. Ulielezwa siku ya kwanza."

"Ukurasa mmoja tu, mama. Nina mtihani leo."

"Najua. Na wenzako wanao."

Akakifunga. Papo hapo akaingia Makame, wa darasa lake, macho mekundu kwa kukesha, akaweka kitambulisho juu ya kaunta. Sikudhani akampa kitabu kwa mikono miwili, kama alivyompa kila mtu.

Makame alikaa meza ya karibu, akasoma kidogo. Kisha kichwa kikainama, shavu likalala juu ya ukurasa.

"Bi Zamda, amelala," Sikudhani alinong'ona.

"Muda wake haujaisha. Msomaji hanyang'anywi kitabu. Na wewe usitoke kaunta."

Feni iliinua kona ya ukurasa, ikaiachia, ikaiinua tena. Sikudhani aliyaona maandishi. Kwa umbali ule hayakusomeka.