Mtihani wa Shokapu

"Mmechelewa," mwenye nyumba aliwaambia mlangoni, akamkabidhi kijana spana. "Iko uani."

Shangazi alibaki na hotuba yake mdomoni. Alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima: kijana ni wa nani, ametulia kiasi gani, na kwamba ukoo wao haujawahi kutoa mlevi. Baba mdogo, aliyebeba maua, alimtazama kijana. Kijana alilitazama shati lake jeupe.

Uani pikipiki ilikuwa imeinuliwa juu ya matofali, haina gurudumu la mbele. Shokapu zake mbili zililala kwenye gunia, zimefumuliwa kipande kipande: mabomba, springi, sili za mpira, nati.

"Nilizifungua mwenyewe," mwenye nyumba alisema. "Kuzirudisha ndiko kulikonitoa jasho. Haya, tuone." Akavuta kiti, akakaa.

"Wanakupima," shangazi alinong'ona. "Kila ukoo una namna yake ya kumpima mkwe. Ukishindwa hapa, mke huna."

Kijana alikuwa kinyozi, na pikipiki alizijua kwa kupakiwa nyuma tu. Lakini alimpenda yule binti waliyemfuata mpaka akakonda. Alivua koti, akapiga magoti.

Baba mdogo, ambaye zamani alimiliki pikipiki mbovu iliyomfundisha mengi, akawa anaelekeza. Wakayapaka mabomba oili, wakayatumbukiza. Sili zikagoma. Shangazi akavua kiatu, akazigonga taratibu kwa kisigino mpaka zikakaa. Kwenye kumimina oili kijana hakuhitaji mwalimu, maana kulinganisha pande mbili ndiyo kazi inayomlisha. Alipima kwa kikombe, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama anayekagua ndevu za mteja.

Springi ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ilichomoka ikampiga baba mdogo kidevuni, na maua yakatapakaa. Akameza maumivu, mtu halii mbele ya wakwe.

"Mnafanya kazi kwa moyo," mwenye nyumba alisema. "Wengine wangeshaomba soda."

"Kwa heshima yako, baba, hata injini tutaifungua," kijana alisema.

"Hapana, injini iacheni. Iko salama."

Gurudumu likarudi, nati zikakazwa. Mwenye nyumba akapanda, akaukandamiza usukani kwa uzito wake wote. Ikashuka, ikapanda, wala haikuvuja hata tone.

"Hapo sina neno," alisema.

Shangazi alibubujikwa na machozi ya furaha, akavaa kiatu chake. "Basi, baba, sasa tuitie binti yetu."

"Binti gani? Mimi nina wavulana watupu." Akaelekeza kidole upande wa pili wa ukuta. "Mwenye binti ni jirani, naye ameshapata mkwe leo asubuhi. Kijana mnyenyekevu kweli: kaja peke yake, na ovaroli na boksi la spana, na kila alichoulizwa akaitikia ndiyo."