Mihogo ya Bwana Lubuva

Bwana Lubuva, mwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia, alikuja maabarani mwenyewe kumtaka mtafiti Sikitu afiche majibu ya vipimo vya panya.

"Damu yao inaonyesha dalili za uvimbe mwilini, mioyo imetanuka," Sikitu alisema. "Chakula chao kilikuwa na mafuta yako."

"Panya si watu, dada yangu."

"Mume wangu alikuwa mtu. Aliyala hayo hayo mpaka moyo ukasimama."

Akamsogezea sahani ya mihogo, bado ya moto. "Nimeikaanga kwa mafuta yako. Ukiimaliza, nanyamaza."

Lubuva akacheka, akachukua kipande, akakifikisha karibu na midomo. Kicheko kikakatika; hakukiuma.

"Kula, kaka," Sikitu alisema, akavuta kiti karibu.

Vizimbani panya walihema kwa shida. Mafuta yakamchuruzika Lubuva vidoleni, yakaingia ndani ya mkono wa shati.