Elimu ya Nyamizi

Jeshi lilimruhusu kila askari kumchagulia mwanawe mmoja elimu yoyote. Koplo Mashauri alimchagulia bintiye Nyamizi udaktari. Wakampandikiza kidude nyuma ya sikio, na baada ya wiki akawa daktari wa upasuaji. Sharti lilikuwa moja: askari akiacha kazi, elimu inafutika.

Mashauri alirudi Tabora kutoka mpakani, mguu mmoja ukiwa mbovu. Wakiwa mezani akasema, "Mwanangu, nimechoka. Naacha jeshi."

"Ukiacha, nitasimama mbele ya mgonjwa nisijue pa kukata."

"Utasoma kama wenzako walivyosoma."

"Kwa umri huu, Baba? Nianze na a, e, i, o, u?"

"Wenzangu wote nimewazika kule. Nikirudi nitakufa."

"Ukifia kazini, elimu haifutwi," alisema Nyamizi, akimtazama usoni. "Inabaki kwangu daima."

Mashauri aliutazama wali aliopakuliwa na mwanawe. Hakuugusa.

Asubuhi alivaa magwanda. Kwa kuwa mguu haukukunjika, Nyamizi alipiga magoti akamfunga kamba za buti. Alizikaza sawasawa, kisha akamfungulia mlango.