Kigogota wa Msufini

Zamda alirudi kuchukua cherehani yake katika nyumba ambamo shemeji yake, Mbaruku, alimfukuza hata arobaini ya mumewe haijatimia. Alimkuta uani, ameinua uso kuutazama msufi mkubwa uliofunika paa.

“Shemeji, wewe unawajua ndege. Yule mwenye utosi mwekundu, anayegonga gonga, ni ndege gani?” Mbaruku alimuuliza.

“Kigogota.”

“Anaishi wapi?”

“Humo humo mtini. Anatoboa tundu.”

Hakumwambia kwamba kigogota huchagua mti uliooza ndani.

“Siku hizi unalala chumba kipi?”

“Hiki hapa, chenye kivuli.”

“Vizuri,” alisema Zamda, akajitwika cherehani yake.

Upepo ulivuma. Unga wa mti ukamwangukia Mbaruku begani, naye akaupangusa huku akicheka.