Hesabu ya Upepo

Sheria ni msumeno: mhandisi anayechora ghorofa ndiye anayehamia kwanza, chini kabisa, yeye na familia yake, mwaka mzima. Ndiyo maana Mwasiti alimfuata mumewe, mhandisi Hemedi, mpaka dukani.

“Chukua laptopu hii nzito, ina kadi ya michoro inayobeba hesabu kubwa,” alimsihi.

“Hii nyembamba ina nafasi kubwa ya kuhifadhi. Inatosha, mama Shani.”

Ilitosha kuchora. Lakini kila alipoiagiza ipige hesabu ya upepo ambao ghorofa litahimili, iliganda ikajizima. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ramani, Hemedi aliiruka hesabu hiyo.

Siku waliyohamia, upepo ulivuma, dari likalia.

“Baba Shani, upepo uliupima?” aliuliza Mwasiti, akitandika kitanda cha mtoto.

Hemedi alikisogeza kitanda karibu na mlango.