Mwaka wa Aljebra

Siku hizo, kabla ya kurudia somo, mwanafunzi alifutwa kumbukumbu zote za kipindi alicholisoma, ili makosa ya zamani yasimfuate. Mwanakheri alikuwa amefeli kalkulasi.

"Ukianzia trigonometria, utapoteza miezi michache tu," mshauri wa chuo alimwambia. "Lakini ukifeli tena, chuo basi. Ukianzia aljebra utafaulu, ila mwaka mzima utafutika."

Mwaka huo ndio aliomzaa Tunu.

Jioni mumewe, Shaweji, alimuuliza, "Umeamua nini, mama Tunu?"

"Aljebra." Alimpakata mtoto, akamnusa shingoni. "Nikirudi, usinieleze ni nani. Nipe tu nimbebe."

"Na ukinirudishia kama mtoto wa watu?"

Mwanakheri alizidi kumkumbatia mtoto.