Foleni Imesogea

Kisiwani kwetu sheria ni moja: ukiteremka garini, umepoteza zamu yako kwenye chaja ya umma ya magari ya umeme. Baba alikaa foleni siku kumi na tatu. Mama alimpelekea chakula dirishani, na mimi, niliyerudi likizo kutoka bwenini, nilimpelekea maji ya kunawa.

Jumamosi gari lilijaa chaji, akarudi nyumbani. Mama akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baba akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono ikishika usukani usiokuwepo.

"Baba Raya, njoo ule," Mama akamwita.

"Zamu yangu bado."

"Jamani, si uko kwako!"

Wali ukapoa. Nami, bingwa wa mizaha wa bweni zima, nikasimama wima na kutangaza, "Foleni imesogea!"

Baba akasogeza kiti hatua moja. Dada Raya akacheka, kisha akaziba mdomo kwa mkono. Nilitangaza mara sita, hadi Baba akafika mezani. Akala vizuri.

Tangu hapo natangaza kila mlo. Kesho narudi shule. Leo Mama amenishikia simu mdomoni ili anirekodi.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Na usicheke."